Kioo Kwanza, Jicho Mwisho

Hadithi hii hamtaiamini, nami sitawabembeleza. Niliisimulia wiki iliyopita kwenye karakana yangu ya makochi, wateja wawili wakatazamana, na mmoja akaniuliza kwa upole kama harufu ya gundi haijanipanda kichwani. Basi nimeona bora niiandike, maana karatasi haikatizi mtu kauli. Shule niliiacha darasa la sita, kwa hiari yangu na kwa hiari ya mwalimu mkuu pia, lakini kusema kweli hakuhitaji cheti, na kwa kusema kweli mtaa mzima sijapata mshindani.

Habari yenyewe ni ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, tunayemwita Bati. Jina la cheti analo, ila hata mkewe halitumii. Bati ni mtu mzima, ana miaka thelathini na minane, ana mvi mbili kidevuni, analipa kodi ya nyumba, na anacheza. Sisemi anacheza bao au karata kama wanaume wenzake. Anacheza na vyura wa bati.

Mtu ukiingia sebuleni kwao unakuta kabati la vioo, lile ambalo kwenye nyumba za watu huwekwa sahani za wageni wasiokuja. La Bati halina sahani hata moja. Lina chura wa bati wa kujazwa kwa ufunguo, anaruka mara nne halafu anaanguka ubavu. Lina mpanda pikipiki wa bati asiye na kichwa. Lina pia tatu za mbao, zile za kuzungusha kwa kamba, gololi kwenye chupa ya jamu, na kile kichezeo cha maji ambacho ukibonyeza kitufe vipete vinaelea, unahangaika kuvivisha kwenye vijiti mpaka unatukana. Na katikati, mahali pa heshima, ipo darubini ya picha. Ni ya plastiki nyekundu. Unachomeka sahani ya karatasi yenye vipicha vidogo ukingoni, unaiweka machoni, unaielekeza dirishani, unabonyeza kidude cha pembeni: simba, maporomoko ya maji, mnara. Kila jicho linaona picha yake, na zikikutana simba anatoka nje kabisa, unataka kurudi nyuma.

Darubini hiyo nilimnunulia mimi, akiwa na miaka saba, siku alipovalishwa miwani kwa mara ya kwanza na wenzake wakamcheka. Miwani yenyewe ilikuwa nene kama kitako cha chupa. Kwa hiyo maradhi yake yote ya kuchezacheza chanzo chake ni mimi, na kwa miaka mingi nilikuwa najisifu hivyo mbele za watu.

Mwaka jana akaleta nyumbani ile miwani mikubwa ya gemu, inayoziba uso kuanzia paji mpaka mashavuni na kufungwa mkanda kisogoni. Wenye shule wanasema ni ya uhalisia pepe. Mimi naiita ndoo.

"Mjomba," akaniambia, "hii ni ile darubini yako. Imekua tu."

Akanivisha. Ghafla nikawa juu ya ghorofa, mbele yangu ubao mmoja, chini magari kama punje za mchele. Nilijua niko sebuleni kwa mpwa wangu. Miguu haikujua. Nikapiga magoti, nikatambaa, nikapata kitu kigumu nikakikumbatia.

"Mjomba, niachie mguu," ikasema sauti ya mke wa Bati. Ni mwalimu wa hisabati, na sote tunamwita Mwalimu. "Nina madaftari ya kusahihisha."

Nikamweleza kwamba nilikuwa nakagua zulia. Mimi ni fundi, vitambaa ni kazi yangu. Mpaka leo ninapoingia kwake huvuta miguu yake juu ya kiti.

Sasa mjue na kazi ya Bati, maana bila hiyo hamtaelewa alivyokosea. Bati ni fundi wa lenzi kwenye duka la miwani. Mbele ya duka anakaa mpimaji na ubao wake wa herufi. Nyuma, kwenye chumba cha upana wa kitanda, anakaa Bati na mashine zake. Lenzi inakuja ya mviringo. Anaipima nguvu yake, anaitia nukta ya wino katikati, maana katikati ikikosewa hata kwa unene wa ukucha mteja ataumwa kichwa wiki nzima. Anaisaga ukingo kwenye mashine inayotiririsha maji, anaipasha fremu moto, anaibana lenzi ndani. Ikiitikia *tik*, imekaa. Isipoitikia, anaanza upya. Sijawahi kumwona mtu mwenye subira namna ile isipokuwa mimi.

Juu ya mashine pana kadibodi iliyoandikwa na mwenye duka, mzee mmoja tunayemwita Mzee Fremu. Imeandikwa hivi: KIOO KWANZA, FREMU PILI, JICHO MWISHO. Maana yake, mteja akirudi analalamika haoni vizuri, usimwambie macho yake yameharibika. Kagua kioo ulichokata. Kikiwa sawa, kagua fremu ilivyokaa puani. Vyote vikiwa sawa, hapo ndipo umpeleke kwa daktari. Ni sheria ya adabu. Bati ameishi nayo miaka kumi na minne, imemwingia kwenye damu. Na sheria hiyo nzuri ndiyo iliyotaka kummaliza.

Ilianza Jumatatu, jioni mapema, ametoka kazini. Gemu aliyoipenda siku hizo ilikuwa ya kupanda jabali. Anasimama katikati ya zulia, anashika mawe yasiyokuwepo, anajivuta juu. Ukimtazama kutoka pembeni utadhani anaanua nguo kwenye kamba ambayo haipo. Siku hiyo, huko juu kwenye jabali, akaona mbu. Vidoa vyeusi vitatu, vinne, vinaelea. Akigeuza shingo, vinamfuata. Halafu pembeni cheche, kama nyaya mbili zinazogusana. Akavua ndoo, akainusa kama inaungua. Haikuungua. Akasema ni vumbi na waya uliolegea, akalala zake.

Jumanne, pembe ya chini upande wa kushoto, kulikuwa na kivuli. Kidogo tu, kama mtu amegusa lenzi kwa kidole gumba chenye mafuta.

Hapo mimi au wewe tungepikicha macho. Bati hakupikicha. Alifumba jicho la kushoto: jabali safi. Akafumba la kulia: kivuli. Akatoa hukumu yake ya kifundi: lenzi ya kushoto ya ndoo ina kasoro. Akatandika taulo jeupe mezani, akafungua skrubu kumi na moja, akazipanga kwa safu, akasafisha kioo mpaka kikang'aa, akafunga. Jumatano kivuli kilikuwa kimepanda.

Basi akasema, tatizo ni miwani yangu mwenyewe. Maana anacheza akiwa ameivaa ndani ya ndoo. Alhamisi, saa ya chakula, akatoa lenzi yake ya kushoto, akaiangalia dhidi ya taa, akaona mkwaruzo mwembamba kama unywele, akafurahi. Hebu fikirieni mtu anayefurahi namna hiyo. Akajisagia lenzi mpya, akaitia nukta, akaibana. *Tik.* Akavaa. Kivuli kikawa pale pale, kinamngoja.

Ijumaa akamalizia fremu. Akapinda mikono ya miwani, akapinda vile vipande vya kukalia puani. Siku hiyo Mwalimu alimwona anajikwaa kwenye kigoda ambacho kimekaa mahali pake miaka minane.

"Hiyo ndoo inakulevya," akamwambia.

"Kesho nitaimaliza," Bati akajibu.

Kioo alikuwa amekimaliza na fremu ameimaliza. Neno lililobaki kwenye kadibodi ya Mzee Fremu alilijua vizuri, na alikataa kulisoma.

Jumamosi mchana akanipigia simu. "Mjomba, njoo unishikie tochi. Naifungua tena."

Nilimkuta mezani, ndoo imeshafungwa upya, taulo jeupe bado lipo. Nikamwambia, "Umeiua."

"Haijafa. Ina kivuli. Vaa wewe, uniambie kimefika wapi, maana mimi nimeshakizoea."

Nikashika kiti kwanza, ndipo nikavaa. Jabali lile hapo, mawingu yale hapo. Nikasimama kiume.

"Tazama chini," akasema.

"Naona mto. Naona vijumba."

"Kushoto chini kabisa?"

"Vijumba."

"Fumba la kulia."

"Nimefumba."

"Sasa unaona nini?"

"Vijumba, Bati. Viwili vina paa jekundu."

Nikadhani anaandika majibu yangu. Nikavua ndoo ili nimtanie kidogo, na nikamwona uso. Nimewahi kuona watu wakiogopa: nimeona moto kwenye karakana ya jirani, nimeona mtu akifukuzwa na mbwa wawili. Huko hofu inakuja kwa kishindo. Kwa Bati iliingia polepole, kama maji yanavyopanda ndani ya sponji, kuanzia shingoni mpaka kwenye paji la uso, nami nimesimama naangalia.

Nikacheka. Naliandika hilo kwa aibu. Nikasema, "Bila shaka umeitengeneza bila kujua."

Akashika hilo kama mtu anayezama anavyoshika jani. Akavaa ndoo haraka. Sekunde mbili. Akaivua, akaiweka mezani taratibu mno. Akaenda kwenye kabati, akatoa darubini nyekundu.

"Hii haina umeme, Mjomba," akasema. "Haina cha kuharibika."

Akasimama dirishani. Akafumba jicho la kulia, akabonyeza kidude.

"Simba," akasema. Kisha, "Hana miguu ya mbele."

"Picha imechakaa."

"Ngoja." Kichwa bado kilikuwa cha kifundi. "Nikiigeuza juu chini, kioo cha kushoto kinakwenda kulia na cha chini kinakwenda juu. Kama kasoro ni ya kioo, giza litahama nacho."

Akaigeuza. Akabonyeza. Alikaa pale dirishani na simba wake amelala chali.

"Halikuhama," akasema. Alisema kwa sauti ya dukani, ile ya kumwambia mteja miwani yako itakuwa tayari Jumatano. "Ni jicho."

Mwalimu alikuwa mlangoni, kalamu nyekundu mkononi. Sijui alifika saa ngapi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Jumatatu."

Akahesabu kwa vidole, yeye ambaye huzidisha mamia kichwani. Hakugomba. Nilitamani agombe, maana Mwalimu akigomba mambo huwa ya kawaida. Alikwenda tu kuchukua viatu vya mumewe, akapiga magoti, akaanza kumfunga kamba.

Tulikwenda hospitali ya macho kwa pikapu yangu ya karakana, nyuma kukiwa na kochi la mtu lisilo na kitambaa. Bati alikaa katikati yetu, shingo wima, kama aliyebeba trei ya mayai kichwani. Kwenye kila tuta alisema, "Taratibu, Mjomba," na mimi ambaye nasifika kwa mwendo niliendesha mpaka baiskeli zikatupita. Kila tuta nilihisi ni mimi ninayelibandua jicho lile. Nilihisi pia darubini ile nyekundu mikononi mwangu, miaka thelathini na moja nyuma, namkabidhi mtoto, namwambia weka machoni uone.

Hospitalini walimtia matone, wakatukalisha kwenye benchi tusubiri mboni zifunguke. Mboni zake zikawa kubwa, nyeusi, kama za paka gizani. Mwalimu alikwenda kuandikisha jina. Bati akaniinamia.

"Mjomba, fundi wa lenzi asiyeona nukta atafanya kazi gani?"

"Namjua fundi saa mmoja kipofu," nikasema. "Anatengeneza kwa kusikiliza."

"Mjomba."

"Basi alikuwa na jicho moja."

"Mjomba."

"Basi alikuwa anavaa miwani."

Alicheka kidogo, pumzi moja tu, halafu akashika mkono wa shati langu akaukamata vilevile mpaka walipomwita. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na mimi sikuwa na uongo mwingine mfukoni.

Daktari alikuwa binti mdogo, sauti ya chini, hana haraka. Alimulika jicho la kushoto muda mrefu, akamulika la kulia muda mrefu zaidi, jambo lililonitisha, maana la kulia tulidhani halina kesi. Akatueleza: nyuma ya jicho pana utando unaopokea picha. Wa jicho la kushoto umechanika, maji yameingia nyuma yake, unabanduka kama karatasi ya ukutani. Hapa katikati, penye kuona herufi na nyuso, bado pameshika.

"Bado kwa muda gani?" Mwalimu akauliza.

"Siwezi kukuahidi kesho jioni," daktari akasema. "Tunampasua kesho asubuhi. Na la kulia lina sehemu nyembamba, tutalizungushia mshono wa mwanga, yaani leza, kabla nalo halijaanza."

Macho haya ni kitambaa cha jora moja, nikawaza. Upande mmoja ukilegea nyuzi, upande wa pili umefumwa siku hiyohiyo. Mpaka hapo nilikuwa naogopea jicho. Kuanzia hapo niliogopea mtu mzima.

Nikasema, "Daktari, kuna kichezeo nilimnunulia akiwa mdogo. Cha kuchungulia. Na sasa ana hii ndoo ya gemu."

Akanitazama kwa huruma, jambo ambalo sikulizoea. "Mzee, macho yanayohitaji lenzi nene namna hii wakati mwingine hufanya hivi yenyewe. Sidhani kama kichezeo kimeleta. Kilichoniudhi ni siku tano." Akamgeukia Bati. "Wewe unafanya kazi kwenye miwani. Ulikuwa unangoja nini?"

Bati akajibu taratibu, "Nilikuwa nakagua kioo."

Daktari akatuambia pia kwamba baada ya upasuaji ataweka puto la hewa ndani ya jicho, liukandamize utando mpaka ushike. Puto hupanda juu kama mapovu, kwa hiyo mgonjwa lazima aangalie chini. Akila, akiongea, akilala. Uso chini, siku kumi. Akiuinua ovyo, puto linahama na kazi yote inaharibika.

Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo dunia imewahi kuniomba mimi na si mtu mwingine. Jumapili asubuhi, wao wakiwa chumba cha upasuaji, mimi nilifungua karakana. Nilichukua benchi la mvule, nikakata tundu la uso, nikalaza sponji ngumu chini na laini juu, nikalivika kitambaa cha pamba kisichochoma ngozi. Tundu nililipima kwa uso wangu mwenyewe, nikanasa, ikabidi nikate ubao ndipo nitoke. Kisu kikanipitia kidole gumba, mara ya kwanza kwa miaka ishirini na sita. Damu ilidondoka kwenye sponji nami nikakaa nikaitazama, nikaogopa kama niliyesomewa jambo baya na mpiga ramli. Nikakata kipande kile, nikaweka kingine.

Walimrudisha nyumbani Jumatatu, kichwa kimeinama, bandeji jichoni. Tukamlaza. Benchi lilimpokea kama mkono.

Jamani, msilinganishe siku kumi za kulala chali na siku kumi za kulala kifudifudi. Chakula alikula kwa mrija na kijiko kutoka chini. Mgongo ulimuuma mpaka akawa anahesabu kwa sauti. Jicho la kulia lilikuwa linaruhusiwa kutazama, lakini kulikuwa na nini cha kutazama? Vigae vinne vya sakafu. Siku ya pili Mwalimu, ambaye tangu waoane hajawahi kugusa kitu kwenye lile kabati, alilifungua, akatoa chura, akamjaza ufunguo, akamwachia chini ya tundu. Chura akaruka mara nne akaanguka ubavu.

"Mguu wa kushoto umelegea," ikasema sauti kutoka chini ya benchi. "Unasikia? Unagonga."

Mwalimu akakaa sakafuni na madaftari yake, kila baada ya daftari tatu anamjaza chura. Hawakuongea sana. Mimi ndiye niliyeongea, mpaka nikaombwa ninyamaze.

Siku ya sita, mchana, bandeji imeshatolewa, Bati akaita. Hakupaza sauti, alisema tu jina la mkewe, lile la nyumbani ambalo hatulitumii mbele ya watu. Tukaja mbio.

"Kuna mstari," akasema. "Ndani. Jicho la kushoto. Jana nilikuwa naona kama nipo chini ya maji, mwangaza mtupu. Leo kuna ukingo. Mweusi. Nikipumua unatikisika."

"Ukingo uko wapi?" Mwalimu akauliza.

"Unasogea."

Mwalimu akampigia daktari. Simu ililia, ikalia. Mimi nilikuwa nimepiga magoti karibu na benchi, nimeshika kisigino chake, sijui kwa nini kisigino. Nikaona jasho linadondoka kutoka kwenye tundu, tone moja moja, juu ya kigae. Nilijiambia, ikiwa kile kivuli kimerudi, mimi ndiye nitakayelazimika kwenda kumwambia Mzee Fremu atafute fundi mwingine, na ile kadibodi nitaing'oa kwa meno.

Daktari akapokea. Mwalimu akamsomea maneno ya Bati moja moja kama swali la mtihani. Akasikiliza. Akafumba macho.

"Ni puto," akatuambia. "Linapungua. Ule ni ukingo wa puto lenyewe, utashuka kila siku mpaka liishe."

"Ana uhakika?" Bati akauliza.

"Anasema ana uhakika."

"Muulize tena."

Akamuuliza tena. Jibu likawa lile lile. Lakini kuanzia siku hiyo hofu ilibaki ndani ya nyumba kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Hata baada ya siku kumi kwisha, na puto kuyeyuka, na benchi langu kurudishwa karakanani, Bati kila asubuhi kabla ya kusema umeamkaje hufunika jicho la kulia kwa kiganja na kutazama pembe zote nne za chumba. Mistari iliyonyooka inampindia kidogo, fremu ya mlango inalegea katikati kama kamba ya nguo. Daktari anasema huenda itanyooka, huenda haitanyooka. Ndoo ipo juu ya kabati, imefunikwa taulo jeupe, mpaka atakaporuhusiwa. Dukani bado hajarudi. Anakuja kushinda hapa kwangu, anapanga misumari kwa ukubwa, anajifunza kunibishia.

Iliyobaki ni siku ya ubao wa herufi, na hiyo ndiyo wateja wangu waliyoikataa kabisa. Tulikuwa sote watatu chumbani kwa daktari. Akamziba Bati jicho la kulia, akamwelekeza ukutani. Hilo la kushoto sasa ndilo lingesema kama yeye ni fundi bado au la. Mwalimu alinishika mkono, akaubana mpaka pete yake ikanichoma. Bati akaukodolea ubao muda ambao ningeweza kuvika kiti kizima. Halafu akafungua mdomo, akasoma ile herufi kubwa ya juu. Akasoma mstari wa pili. Akashuka wa tatu, wa nne, wa tano, kama mtu anayeteremka ngazi za kwao, akafika mstari wa mwisho wenye vijiherufi kama mayai ya chawa, akaumaliza bila kumeza mate, akasoma na jina la kiwanda kilichochapa ubao, na daktari alipogeuka kumshangaa, Bati akatazama nje ya dirisha, akasoma namba ya gari lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, na ndani ya gari kulikuwa na gazeti, naye akaanza kusoma

"Wa tatu, Mjomba," anasema mtu nyuma ya bega langu. Amesogea mpaka pumzi yake iko sikioni mwangu, kiganja kimefunika jicho la kulia, la kushoto limekodolea karatasi yangu. "Niliishia mstari wa tatu. Na herufi ya mwisho nilibahatisha."